Walishinda Wapi Watu wa Tanga?
Uhakiki wa masimulizi ya mapigano ya Novemba 1914

Mapigano ya Tanga ni miongoni mwa matukio machache ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia yaliyotokea ndani ya mji wa Waswahili, na ambayo hata hivyo yamesimuliwa karibu daima kwa lugha za wengine. Vitabu ni vingi. Kamanda wa Wajerumani aliandika kumbukumbu zake, serikali ya Uingereza ikatoa historia yake rasmi, ofisa wa upelelezi akachapisha shajara, wanahistoria wa mauzo mema wakafuata, na mwisho wakaja waandishi wa riwaya. Msomaji anayevipitia vitabu hivyo kimoja baada ya kingine hugundua upesi kwamba anasimuliwa kisa kilekile, chenye mzaha uleule na wahusika walewale wachache. Kinachofaa kuhakikiwa hapa si usahihi wa tarehe, bali namna ya kusimulia: nani anapewa jina, nani anahesabiwa kwa jumla tu, na kwa nini kushindwa kwa jeshi kubwa kunaelezwa kwa wadudu na kwa upumbavu wa jenerali mmoja kabla ya kuelezwa kwa kazi ya wale waliolishinda.

Habari zenyewe kwa ufupi ni hizi. Tarehe 16 Oktoba 1914 msafara wa meli uliondoka Bombay ukiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Mwishoni mwa mwezi makamanda walikutana Mombasa. Huko ilitolewa rai kwamba askari wa King's African Rifles, walioijua nchi na kumjua adui, watangulie kushuka pwani, Aitken akakataa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ya Kapteni Caulfeild ilifika Tanga na kumwarifu mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Muda wa thamani ukapotea katika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwako. Usiku jeshi likaanza kushuka Ras Kasone, mashariki ya mji. Tarehe 3 kikosi cha kwanza kilirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Tarehe 4 jeshi zima lilipojipenyeza katika mashamba na vichaka, baadhi yake liliingia mjini, lakini ubavu wake wa kushoto ukapigwa na safu zikavunjika. Tarehe 5 lilipanda meli na kuondoka, likiacha silaha nyingi pwani. Ucheleweshaji wote huo ulimpa Paul von Lettow-Vorbeck nafasi ya kuleta kombania zake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi, kinyume cha matakwa ya Gavana Heinrich Schnee, ambaye hakutaka bandari ziingizwe vitani. Hata hivyo watu wake hawakuzidi sana elfu moja. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Upande wa bara, shambulio la Longido lililotoka Kenya ya sasa tarehe 3 Novemba nalo lilishindwa, na walioshambulia wakarudi kwa kukosa maji.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kuanzia uhakiki wa kisa hiki. Kushinda ni kupata ushindi, na pia ni kukaa mahali mchana kutwa, ndiyo maana watu huulizana jioni, "Umeshindaje?" Vitabu vya kumbukumbu na vya historia vimeulizana kwa bidii nani alishinda Tanga kwa maana ya kwanza, na kwa sababu gani. Swali la maana ya pili, yaani watu wa Tanga walishinda wapi siku ya tarehe 4 Novemba, halikuwashughulisha.

Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, Meine Erinnerungen aus Ostafrika (1920), ndizo chimbuko la mengi. Ni kitabu kilichoandikwa kwa nathari kavu, yenye nidhamu, na kwa hakika kinawazidi wafuasi wake wote kwa ukosefu wa porojo. Mahali pake pazuri kabisa ni pale kamanda anaposimulia jinsi alivyopanda baiskeli usiku wa kuamkia tarehe 4, akaingia mjini na wenzake wawili mpaka bandarini kutazama meli za adui zilizowaka taa. Mji aliupita ukiwa mtupu. Kwa askari, barabara tupu ni habari njema: anaweza kupanga safu zake bila kizuizi. Kwa msomaji wa fasihi, sentensi hiyo ndiyo yenye kisa kilichofichwa. Mji hauwi mtupu wenyewe. Watu maelfu walifunga milango, wakachukua watoto na vyombo, wakaenda zao mashambani au kwa jamaa zao, na kila mmoja wao aliamua saa ya kuondoka na cha kuacha. Msimulizi aliyepita kwa baiskeli aliyaona matokeo ya uamuzi huo akayafanya kuwa mandhari.

Ndivyo ilivyo pia katika hesabu yake ya hasara. Anataja Wazungu 15 waliouawa, na miongoni mwao anamtaja Kapteni Tom von Prince kwa jina; kisha anataja askari na wapagazi wa bombomu 54. Ni hesabu ya kweli kwa kadiri alivyojua, na si haki kumlaumu kamanda kwa kutoandika utenzi. Lakini idadi hiyo ya 54 imekaa katika vitabu kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuzaa hata mhusika mmoja, ilhali von Prince amezaa kurasa nyingi. Yafaa kulitazama jina alilopewa na Waafrika, Bwana Sakarani. Waandishi wa Ulaya hulifasiri kwa sifa: mtu aliyeleweshwa na vita, shujaa asiyejali mauti. Fasiri hiyo haikosi msingi, maana watu wengi walimwogopa mtu huyu tangu vita vyake dhidi ya Wahehe katika miaka ya 1890. Lakini sakarani kwa Kiswahili ni mlevi, na Waswahili wanapompa mkubwa lakabu ya namna hiyo aghalabu sifa na tusi hutoka kinywani pamoja. Fasiri imechukua upande mmoja wa neno na kuutupa wa pili, na pamoja na upande huo imetupa ucheshi wa waliomwita hivyo. Hapa pana sauti ya Kiafrika ndani ya kitabu cha Kijerumani, neno moja tu, na hata hilo limesikiwa nusu.

Jambo hilohilo limelipata neno safari. Mwaka uleule wa 1920 Lettow-Vorbeck alichapisha kitabu kwa ajili ya vijana wa Ujerumani akakiita Heia Safari! Neno lililokuwa na maana ya mzigo kichwani, mvua na posho isiyotosha kwa wapagazi likageuzwa kuwa mwito wa kutamani makoloni yaliyopotea. Wataalamu wa lugha hupenda kuhesabu maneno ambayo Kiswahili kimeyakopesha dunia. Wangefaa kuangalia pia yalirudi nyumbani yakiwa na maana gani.

Mizinga na wenyewe

Hakuna jambo lililoyapa mapigano ya Tanga umaarufu kama nyuki. Katika mapambano ya tarehe 4 risasi zilivuruga makundi ya nyuki mitini, nao wakawashukia wapiganaji; kikosi cha 98 cha Wahindi kilisumbuliwa vibaya hata safu zake zikatawanyika. Baadaye ikaenea hadithi kwamba Wajerumani walitega nyuki makusudi kwa kamba zilizovutwa na miguu ya adui. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliicheka hadithi hiyo, akaeleza kwamba hata watu wake waliokuwa kwenye bombomu walifukuzwa na nyuki haohao. Hilo halikuzuia kitu. Katika vitabu vya miaka ya 1960 na 1970, kama vile Duel for Kilimanjaro cha Leonard Mosley (1963) na Battle for the Bundu cha Charles Miller (1974), nyuki ni lazima, na jina la "Vita vya Nyuki" limeshikamana na Tanga kana kwamba wadudu ndio waliokuwa upande wa pili wa mapigano.

Kazi ya nyuki katika masimulizi haya ni kubwa kuliko kazi waliyoifanya vitani. Kwanza wanampa mwandishi kichekesho. Pili, na hili ni zito zaidi, wanampa sababu ya kushindwa isiyomvunjia mtu heshima. Jeshi la dola likishindwa na askari weusi elfu moja, msomaji wa London wa wakati ule angehitaji maelezo marefu juu ya mafunzo ya askari wale, ujuzi wao wa vichaka na uhodari wao wa kupiga shabaha. Likishindwa na nyuki, hakuna la kueleza. Afrika ndiyo iliyowashinda: joto, msitu, wadudu. Ni mbinu ya zamani ya kusimulia kushindwa kwa Wazungu barani humu, na imetumika mara nyingi kiasi kwamba wasomaji hawaioni tena kuwa mbinu.

Lugha ya Kiswahili inalo la kusema hapa. Mzinga ni neno la nyuki na ni neno la vita: ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani ili nyuki waingie, na ni silaha kubwa yenye mdomo wa duara. Msimulizi wa Kiswahili angeweza kucheza na maana hizo mbili kwa raha zake, na yumkini wako waliocheza nazo barazani siku zile. Lakini hata bila mchezo huo neno lenyewe linasahihisha jambo. Baadhi ya masimulizi hutaja magogo yaliyotundikwa mitini, kisha huendelea kuwaita hao nyuki wa mwituni, sehemu ya maumbile makali ya nchi. Mzinga si maumbile. Ni chombo. Mtu alikata mti, akauchonga, akaupandisha juu, akaja kurina asali kwa msimu wake, na majirani walijua ni wa nani. Maadamu ilikuwapo mizinga, palikuwa na wenyewe. Risasi zilizopasua mizinga ile ziliharibu mali ya watu, na hasara hiyo haimo katika hesabu ya Waingereza wala ya Wajerumani. Mwandishi anayeandika kwamba "nyuki wa Afrika" waliingia vitani amewaona wadudu na asimwone mfugaji.

Si kwamba kila kicheko ni kosa. Katika pigano lile mlikuwa na vichekesho vya kweli, na kimojawapo hutajwa kwa haraka mno kuliko kinavyostahili. Jioni ya tarehe 4, kwa kutoelewana juu ya amri na milio ya tarumbeta, vikosi vya Lettow-Vorbeck navyo viliondoka vikarudi kambini kwao magharibi ya mji. Majeshi yote mawili yalikuwa yamerudi nyuma, kila moja likimpisha mwenzake, na Tanga ikabaki wazi usiku. Hapa kuna kejeli ambayo mtunzi yeyote angeitafuta mwaka mzima asiipate. Wanahistoria huitumia kumlaumu Aitken kwa kutokujua. Ingeweza pia kutumiwa kuuliza iwapo neno ushindi linatosha kueleza siku ile, na iwapo wenye mji waliojificha shambani walikuwa na sababu ya kutofautisha kati ya aliyekimbia kuelekea baharini na aliyekimbia kuelekea bara.

Shahidi asiyeaminika

Sehemu kubwa ya mazungumzo, mizaha na matusi yanayopamba vitabu vya Kiingereza juu ya Tanga imetoka kwa Richard Meinertzhagen, aliyekuwa ofisa wa upelelezi wa Aitken. Shajara yake, Army Diary, ilichapishwa mwaka 1960, miaka 46 baada ya mapigano. Ni kitabu kitamu, na utamu wake ndio hatari. Meinertzhagen ndiye anayejua yote mapema, ndiye anayeonya na kupuuzwa, ndiye anayekwenda kwa Wajerumani na bendera nyeupe na kula nao kwa furaha. Wakubwa wake wote ni wajinga, na askari wa Kihindi ni waoga. Mtu aliyezoea kuhakiki riwaya za nafsi ya kwanza angepaswa kushtuka mara moja kwa kumwona shujaa asiyekosea hata siku moja. Wanahistoria hawakushtuka kwa muda mrefu. Ilipofika mwaka 1993 wataalamu wa ndege walikuwa wamebaini udanganyifu katika vielelezo vya ndege alivyodai kuvikusanya, na Brian Garfield katika The Meinertzhagen Mystery (2007) alionyesha kwamba na shajara zenyewe zilitiwa mengi baadaye.

Wataalamu wa karibuni kama Ross Anderson, katika The Battle of Tanga 1914 (2002), wamerudi kwenye nyaraka za kijeshi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo picha iliyochorwa na shajara imekwisha kuwa picha ya kawaida ya Tanga, na walioumizwa nayo zaidi ni Wahindi. Inasimuliwa kwa urahisi kwamba kikosi cha 63 cha Palamcottah kilikimbia. Inasimuliwa kwa uchache kwamba watu wale walikaa wiki nyingi ndani ya meli zilizosongamana, wakashushwa wakiwa wachovu, wakaingizwa bila ramani ya kuaminika katika nchi ambayo hata makamanda wao hawakuichunguza. Na kwamba Wahindi wengine, wa Kashmir Rifles, walipigana mpaka ndani ya mji bega kwa bega na Waingereza wa Lancashire. Historia rasmi ya Charles Hordern (1941) inawatendea haki zaidi kuliko shajara, ingawa kwa ile lugha ya ofisi inayosema kwamba jambo fulani "lilitokea" bila kumtaja aliyelitenda. Mulk Raj Anand aliwapa askari wa Kihindi waliopelekwa Ufaransa riwaya yao, Across the Black Waters, mwaka 1939. Wale wa Tanga hawakupata riwaya ya kulinganishwa na hiyo, na watu wa Afrika Mashariki, wanaoishi na jamaa za Kihindi katika miji ileile, hawajaonyesha hamu ya kujua ni akina nani waliolala Ras Kasone.

Riwaya mbili

An Ice-Cream War ya William Boyd (1982) ndiyo riwaya iliyoyatia mapigano haya katika fasihi ya Kiingereza. Jina lake linatokana na dhana ya siku za mwanzo kwamba vita Afrika visingedumu, kwa kuwa joto lingewayeyusha wapiganaji kama aiskrimu. Gabriel Cobb, kijana wa ukoo wa Kiingereza, anajeruhiwa vibaya Tanga na kutekwa. Mdogo wake Felix anakuja baadaye kumtafuta. Kwa fani, hii ni kazi ya mtu hodari. Boyd anajua kuupindua mzaha ukawa kitisho katika aya moja, na dhihaka yake inawalenga watawala wenyewe: jeuri yao, ujinga wao, imani yao kwamba ustaarabu ni suala la mavazi. Katika hili anamzidi Meinertzhagen mbali sana, kwa sababu hamwachii mtu yeyote kiti cha mjuzi.

Kasoro yake iko penginepo. Riwaya inawacheka waliouleta moto, na inajua kuwalilia kidogo pia, lakini Waafrika wamo ndani yake kwa makundi: watumishi, wapagazi, askari. Wanaona yote na hawafikiri lolote mbele ya msomaji. Mtu anaweza kujibu kwamba Boyd ameandika juu ya Waingereza, na mwandishi ana haki ya kuchagua wahusika wake. Jibu hilo lina uzito wake. Lakini riwaya inayodai kuonyesha upuuzi wa vita vya wageni katika nchi isiyo yao inahitaji walau mtu mmoja ambaye nchi ni yake, la sivyo upuuzi huo unakosa kipimo. Kicheko cha Boyd kinabaki ndani ya nyumba ya Waingereza, ni ndugu anayemcheka ndugu.

Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020) inakwenda njia nyingine. Gurnah hakulifanya pigano lolote kuwa kilele cha kisa. Wahusika wake ni watu wa mji wa pwani: Ilyas, aliyechukuliwa utotoni na askari wa Kijerumani, akasomeshwa kwao na akajitolea kwenda vitani kwa ajili yao; dada yake Afiya, anayeachwa nyuma; Hamza, anayejiunga na jeshi kwa kukimbia utumwa wa deni na kurudi na jeraha lisilopona. Vita vinajulikana kwa athari zake katika chumba cha kulala, dukani, katika ukimya wa mtu aliyerudi. Hapa kwa mara ya kwanza swali la kushinda kwa maana ya pili limepata jibu la kifasihi, maana Gurnah anajua watu walishinda wapi, walikula nini na walimngoja nani. Zaidi ya hayo, askari wake si shujaa wala si msaliti. Hamza anajua ukatili alioutumikia. Ilyas anampenda bwana aliyemnyang'anya utoto wake, na riwaya inamfuata mpaka kifo chake katika kambi ya Wanazi bila kumhukumu kwa haraka.

Ni riwaya ya Kiingereza, hata hivyo, kama ile ya Boyd. Na Mswahili asiyejua Kiingereza hawezi kumsoma Ilyas kwa lugha ambayo Ilyas angejisimulia.

Ukimya wa Kiswahili

Hapa ndipo uhakiki unapolazimika kugeukia nyumbani. Ni rahisi kuwalaumu Wajerumani na Waingereza kwa kusimulia yao. Gumu ni kueleza kwa nini Waswahili, watu wenye jadi ndefu ya kutunga vita, hawakulitunga pigano hili, au wakilitunga halikuingia katika fasihi inayosomwa. Haikuwa kwa kukosa fani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa ametunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya vita vya Abushiri, na jina la ukoo wake ni jina kubwa katika Tanga hiihii. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907. Basi mwaka 1914, mji uliopigwa mizinga ulikuwa katika nchi ya watenzi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alikuwa mtoto wa miaka mitano meli za Aitken zilipotia nanga. Alipotunga utenzi wake mkubwa wa vita, Utenzi wa Vita vya Uhuru, aliuweka juu ya vita vya 1939 hadi 1945, vilivyopiganwa sana mbali na Vibambani.

Sababu moja imo katika fani yenyewe. Utenzi wa vita wa Kiswahili, kuanzia zile tenzi za maghazi ya Mtume, husimama juu ya pande mbili zinazotambulikana: kuna sisi na kuna wao, na mtunzi anajua dua yake inaelekea wapi. El-Buhriy anajua, hata pale anapokubali kwamba wao wameshinda. Tanga ya 1914 haina sisi. Mdachi, aliyeutamalaki Mrima miaka ishirini na mitano tu kabla, ndiye mlinzi wa mji. Mwingereza anakuja na Wahindi. Anayemfukuza Mwingereza ni askari mweusi, Mnyamwezi au Mmanyema au Msudani, anayeliwa na mshahara wa Mdachi na ambaye jeshi lake liliteketeza vijiji na vyakula vya kusini wakati wa Maji Maji. Mtunzi ampigie nani dua? Beti za utenzi hazikuzoea swali la namna hiyo.

Sababu ya pili haiwahusu watunzi. Inawahusu wahakiki na walimu. Baada ya uhuru, na hasa katika miaka ya 1970, idara za lugha na fasihi za Afrika Mashariki zilitafuta katika maandishi ya zamani historia ya upinzani, na zilikuwa na haki ya kuitafuta, kwa maana ilikuwa imefichwa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) ilitimiza haja hiyo kwa ubora ambao haujapitwa. Lakini kipimo kilichofaa kwa Kinjeketile hakikumfaa askari. Kwa kipimo cha upinzani askari wa Tanga ni kibaraka, na kibaraka hafundishwi darasani ila kwa kukemewa. Akaachwa nje ya mtaala, na kwa kuachwa nje akaachiwa wageni, ambao walimpenda kwa sababu zao wenyewe: Lettow-Vorbeck alimhitaji awe mwaminifu, ili uaminifu wake uwe hoja ya kurudishiwa makoloni. Uhakiki uliojiita wa ukombozi ulikubaliana na kamanda wa kikoloni katika jambo moja, yaani kwamba askari hana ndani. Kwa huyu ni utii mtupu, kwa yule usaliti mtupu.

Wapagazi hawakuwa na bahati bora. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920 zina maandishi ya Kiswahili, na huenda hayo ndiyo maandishi ya lugha hii juu ya vita vile yanayosomwa na wapita njia wengi kuliko yote. Maneno yake yametokana na ya Mwingereza, Rudyard Kipling. Humo wapagazi wanalinganishwa na mikono na miguu ya jeshi, mlinganisho ambao, ukitazamwa vizuri, unawanyima kichwa. Walichojiachia wenyewe ni Kariakoo, jina la kambi zao lililogeuka kuwa jina la masoko na mitaa, na ambalo halikuandikwa na mshairi yeyote.

Vitabu vya Kiingereza hupenda kumalizia hadithi ya askari kwa kisa cha mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi, kinasema kisa, ilikubali kuwalipa askari waliobaki malimbikizo ya mshahara wao. Wazee wakakusanyika Mwanza, wengi wao bila hati yoyote. Mhasibu akampa kila mmoja ufagio aushike kama bunduki na kumpigia amri kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Kiwe kimetiwa chumvi au la, kisa hiki kinapendwa na wasimulizi, na jambo ambalo hawalioni ajabu ni kwamba katika chumba kilichojaa wazee wale mtihani ulikuwa wa ufagio. Hakuna aliyeulizwa aliona nini.

Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofanya utafiti wa Maji Maji mwaka 1968 na 1969 walikwenda Umatumbi na Ungoni wakaketi na wazee, wakaandika walivyosimuliwa; mbinu ilikuwako, na karatasi zilikuwako. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Tanga ilipohamwa alikuwa na miaka 64 mwaka 1968.